Suto Lililokosa Mleta Maneno

Mwezi uliopita alinijia binti wa mdogo wangu, daftari la Kiswahili kwapani. Yuko gredi ya nane. Mwalimu wao kawapa kazi: kila mtoto achague neno moja la kumlaumu mtu kwa ukali, aandike maana yake na asili yake. Yeye kachagua kusuta.

"Kwani shuleni hamna kamusi?" nikamuuliza.

"Zimo, khalati. Lakini mama kaniambia nije kwako. Kasema wewe walijua neno hilo kuliko kamusi."

Nilikuwa nachambua mchele, nikaendelea kuchambua. Mdogo wangu ni mpole, maneno yake machache, lakini akikutupia moja lafika. Miaka yote hii hajanitajia jambo lile, kisha anitumie mtoto na daftari. Haya, nikamwambia mtoto kaa, andika.

Nilianza kwa kumtenganishia. Kukemea, nikamwambia, ni kwa mzazi na mtoto, na hata paka hukemewa. Kukaripia ni kwa mkubwa wa kazi. Kushutumu utakusikia kwenye taarifa ya habari, wakubwa wanashutumiana huku wakila sahani moja. Kusimanga ni kwa yule aliyekulisha, halafu anakuhesabia matonge uliyoyala. Kutukana hata usikuandike, kutukana ni kwa asiyekuwa na la kusema. Mtoto akacheka, akaandika yote, hata lile la matonge.

"Na kusuta?"

Kusuta kuna masharti, nikamwambia, na haya nilifunzwa na bibi yangu aliyetulea katika nyumba hii hii ya Mji wa Kale. Mtu kakusema vibaya nyuma yako. Maneno yamekufikia. Huendi kumsema na wewe nyuma yake, la. Wajikusanyia watu wako, mwavaa leso za sare, mwaenda mpaka mlangoni kwake mchana kweupe, na pamoja nanyi yuko yule aliyekuletea maneno. Huyo ndiye mleta maneno, na pasipo yeye hapana suto. Wasimama ukasema: wewe fulani, siku fulani, mbele ya huyu hapa, ulisema hili na hili. Kana tusikie! Naye ana haki ya kujibu. Akikana, mleta maneno ndiye wa kutazamwa usoni. Akinyamaza, amekubali.

"Na asili yake?"

Asili ya neno lenyewe siijui, nikamwambia, na sitakutungia uongo ukapewa sufuri. Lakini asili ya jambo alinieleza bibi. Alisema mwanamke akivunjiwa jina, hana pa kushitaki. Maneno ya uani hayana kesi, hayana karatasi, na wanaume wakiyasikia wanasema ni mambo ya wanawake hayo, waachieni. Basi wanawake wakajifanyia baraza yao. Maneno hurudishwa mlangoni yalikotoka, mbele za watu, ili aliyechafuliwa asafike mbele ya wale wale waliomsikia amechafuka.

Akafunga daftari, akanibusu mkono, akaenda zake amefurahi. Sikumwambia kwamba mimi maishani mwangu nimesuta mara moja tu. Sikumwambia kwamba niliyemsuta hakuwa na kosa. Wala sikumwambia kwamba habari yenyewe ilikuwa ya mamake, kabla hajaolewa na babake.

Wakati ule tulikuwa tumebaki wawili nyumbani, mimi na mdogo wangu, wazee wetu wote walishatangulia mbele ya haki. Vyumba viwili vya chini tulimpangisha mama mmoja wa bara, Mkristo, karani katika ofisi moja ya bandarini. Alikuwa na binti mmoja tu, na huyo binti ndiye roho yake. Mimi kila alfajiri nilikaanga mahamri nikauza barazani kwa mbaazi za nazi, na yule mama kabla ya kwenda kazini hukaa pale kwangu, mahamri mawili na chai ya rangi, siku zote, miaka minne. Tulizoeana mpaka tukawa twataniana. Akinambia, "Dada, leo umeweka iliki kama unaioga," nami namwambia, "Nenda kale mkate wa dukani wenye ladha ya pamba." Alikuwa mtu wa kucheka na bega lake lote.

Mdogo wangu alikuwa na kifafa. Leo nakitaja hivi kavu, wakati ule tungekufa kabla ya kukitaja. Nilimlea mimi, na nilijua watu wanavyosema: mara mashetani, mara kuambukiza, mara huyo haolewi. Siku moja nimekwenda Marikiti kununua nazi, akaanguka uani. Yule mama wa bara ndiye aliyemkuta. Hakupiga kelele, hakuita mtu. Alimlaza ubavu, akamlegeza nguo shingoni, akamngoja mpaka akatulia, na alipozindukana akampeleka zahanati moja huko Majengo anakokujua yeye. Tangu hapo kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi alikwenda naye kuchukua vidonge. Mimi siendi, nachelea kuonekana. Majirani wakiuliza nawaambia kaenda kwa daktari wa macho. Nikawakalisha wote wawili nikawaambia jambo hili ni la watu watatu, na yule mama akajibu kwamba kwake limekufa.

Mwaka huo mdogo wangu akaposwa. Kijana wa watu, ana adabu, na watu wake wanajulikana. Nilikuwa sishikiki kwa furaha. Nilishaanza hata kuulizia mpishi wa biriani. Kisha Ijumaa moja baada ya sala mshenga akaja, kakunja uso, kahawa hakunywa. Akasema nasibu haikuandikwa. Akasema watu wale wanatuheshimu, ila wameona waliache. Alipokuwa anavaa viatu mlangoni akasema, "Na mdogo wako, tunamuombea afya."

Afya! Neno moja lile likatosha. Kumbe wamejua. Nilihesabu pale pale mlangoni: mimi sikusema, mdogo wangu hawezi kujitangaza mwenyewe, amebaki nani? Wallahi sikufika hata jikoni, nilishampata mwenye hatia.

Mdogo wangu alilia siku mbili hataki kula, nikampeleka Majengo kwa shangazi yetu, dadake baba, apate kupumua. Nilipomueleza shangazi nia yangu ya kumsuta yule mama, aliniuliza jambo moja tu.

"Mleta maneno wako ni nani?"

"Mleta maneno wa nini, shangazi? Tulikuwa watatu tu."

"Sikukuuliza mlikuwa wangapi. Nani amemsikia akisema?"

"Hakuna haja!"

"Basi hilo si suto, mwanangu, hiyo ni fujo. Mimi siji, na sare yangu usiikate." Akageuka kupika. Na mimi kwa ukaidi wangu nikasema huyu amezeeka, damu imepoa.

Nikapata wenzangu saba. Kwa jambo kama hilo hukosi watu, wengine hata hawakuuliza habari yenyewe, waliuliza rangi ya leso. Tukanunua yenye jina ULIMI HAUNA MFUPA. Jumamosi baada ya alasiri, wakati najua yuko nyumbani, tukajipanga mwanzo wa kichochoro. Mmoja ana tari, mmoja ana dumu la mafuta la kupiga. Tukashuka tunaimba, watu wakatoka madirishani, watoto wakatufuata nyuma.

Sasa hapa pana jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka naziba uso. Wiki ile ile binti wa yule mama alikuwa amepata barua ya kuingia chuo cha ufundi kile cha karibu na Buxton. Mama mtu alikuwa ameuambia mtaa mzima, mpaka muuza maji. Na kwa miaka minne alikuwa akituona sisi, mtu akipata la heri, wanawake wanajifunga sare wanamuendea kwa ngoma mpaka mlangoni. Yeye hajapata kuendewa hata mara moja. Kwa hivyo aliposikia tari linakaribia, akafungua mlango, akatuona tumesimama pale kwake na leso zetu mpya, alidhani tumemjia yeye. Alidhani sasa amekuwa mtu wa mtaa.

Akapiga kigelegele, cha kibara, kirefu, kimepinda. Akaingia ndani mbio akatoka na viti, kimoja, viwili, vitatu, anavipanga kando ya ukuta. Akamtuma binti yake soda dukani. Kisha akajifunga leso kiunoni akaingia katikati yetu akacheza, machozi ya furaha yanamtoka.

Mtu mwingine yeyote angefahamu. Sisi hatukufahamu, kwa sababu kwetu sisi anayesutwa akicheza, ndiyo dharau ya mwisho. Ni kukwambia: semeni mchoke, hamniwezi. Nimewahi kumuona mwanamke mmoja akicheza hivyo kwenye suto la watu wengine, na damu nusura imwagike. Mwenzangu mmoja akaninong'oneza, "Ebo! Anatukejeli huyu, mwone!" Nikawaka.

Nikainua mkono, tari likanyamaza. Nikamwambia, mbele ya mtaa mzima, mbele ya binti yake aliyekuwa anarudi na kreti ya soda: "Wewe, mchonganishi! Tumekupa nyumba, tumekupa chakula, tumekupa siri yetu, na siri yetu umekwenda kuiuza kwa watu. Posa ya mdogo wangu umeivunja wewe. Nani mwingine alijua kuwa mdogo wangu ana kifafa? Sema! Kana tusikie!"

Alisimama pale pale alipokuwa anacheza. Akanitazama kana kwamba nimesema kwa lugha asiyoijua.

"Dada," akasema, "mimi?"

"Kana!"

Hakukana. Watu wa kwao hawana jambo hili, hakujua kuwa pale ndipo mahali pa kupiga kelele, kuapa, kudai shahidi. Aliinama akachukua kiti kimoja akakiingiza ndani. Akatoka akachukua cha pili. Akaja akachukua cha tatu. Kisha akamshika binti yake mkono, akafunga mlango. "Kanyamaza! Amekubali!" wenzangu wakapiga kelele, na vigelegele vikajaa kichochoroni. Mimi nilipanda juu roho yangu imetulia kabisa. Nilikula wali siku hiyo, tena nikaongeza.

Jumapili, wakati mimi niko kwenye hitima ya watu mtaa wa pili, alipakia vitu vyake kwenye mkokoteni akahama. Funguo alimwachia jirani.

Jumatatu mdogo wangu akarudi. Alikuwa hajui kitu, shangazi alimficha akidhani labda nitapata akili. Lakini njiani, kabla hajafika nyumbani, wanawake wawili walishamsimamisha wakampa pole, mmoja akamuuliza kama kweli mtu akianguka huwekewa kijiko mdomoni. Aliingia akasimama mlangoni na buibui lake hakulivua.

"Umemfanya nini yule mama?"

"Nimempa haki yake. Yeye ndiye aliyewaambia."

"Niliwaambia mimi."

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Mimi nilimwambia mchumba wangu," akasema. "Nilimwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu. Sikutaka aje aniokote sakafuni siku ya fungate hajui ni nini. Yeye akamwambia mamake, mamake akakataa. Ni hivyo tu."

"Mbona hukunambia?"

"Nikwambie wewe? Nani anakwambia wewe jambo? Nimekuogopa toka nilipokuwa mdogo." Hajapata kunisemesha vile. "Mimi nilimwambia mtu mmoja, tena yule niliyetaka anioe. Wewe umeuambia mtaa."

Lahaula! Nilikaa chini. Ilikuwa kweli tupu. Siri ile niliyoilinda muda wote ule kwa uongo wa daktari wa macho, niliitoa mimi, kwa sauti ya juu, na dumu likinisubiri. Nilishuka mbio mpaka vyumba vya chini nikasukuma milango ambayo haikufungwa tena. Palikuwa pamefagiliwa. Nafsi yangu ikanisuta, na yenyewe haikuhitaji mleta maneno.

Mahamri sikukaanga wiki ile. Nilikwenda kwa shangazi nikamwambia nataka kwenda Buxton, nimeshaambiwa kahamia huko, nikamuangukie miguuni. Shangazi akanitazama.

"Umemsuta wapi?"

"Mlangoni kwake, mbele za watu."

"Na msamaha unataka kuomba jikoni kwake, pasipo mtu, kisha urudi ulale? Hapana, mwanangu. Waliosikia lile wasikie na hili. Nenda kamwite, na akikataa ni haki yake."

Nilimkuta Buxton katika nyumba ya chumba kimoja, masanduku hata hayajafunguliwa. Alinifungulia, akasema karibu, akanipa kiti. Nilitamani anifungie mlango usoni, ningepata nafuu. Nililia, nikasema nililoweza kusema, nikamwomba aje nimtake radhi mbele ya wale wale waliosikia. Alisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza.

Kisha akaniuliza, "Vidonge vya mdogo wako vimefika wapi? Jumamosi ya kwanza inakuja."

Mimi sikuwa nimevikumbuka. Wiki mbili zilipita, nimeshughulika na aibu yangu, sijamuuliza mdogo wangu kama ana dawa. Akatikisa kichwa, akasema atakuja. Si kwa ajili yangu, aliniambia wazi: binti yake alisikia mamake akiitwa mchonganishi, na sasa anaanza chuo na jina hilo masikioni.

Jumamosi hiyo asubuhi, wenzangu nikawaita tena kwa leso zile zile. Wawili walikataa, wakasema suto halirudishwi nyuma, tutachekwa. Watano walikuja, na shangazi akaja na leso yake ya zamani. Mtaa ukajaa kuliko siku ya kwanza. Yule mama alisimama mlangoni mwa vile vyumba vya chini, binti yake upande mmoja, mdogo wangu upande mwingine. Mimi nikasimama chini, mahali palipokuwa pake siku ile.

Nikasema kwa sauti ile ile: "Nilimsuta huyu kwa neno ambalo hakulisema. Mleta maneno sikuwa naye kwa sababu hakuwako. Aliyetoa siri ya mdogo wangu hapa mtaani ni mimi, na nyote mlinisikia. Nisuteni."

Hakuna aliyepiga tari. Shangazi akamwambia yule mama, "Sema, mwanangu. Lolote ulilonalo, ni haki yako. Hapana atakayekukatiza."

Watu wakasogea. Nilijikaza, nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi, na yangekuja ningeyapokea kwa mikono miwili. Yeye hakusema kwa sauti kubwa, ilibidi walio nyuma wawaulize walio mbele.

"Dada, miaka minne nimekula kwa mkono wako. Ungeniuliza."

Basi. Mwenzangu mmoja, yule aliyesema tunakejeliwa, aliangua kilio pale pale. Mimi nikasema, "Nisamehe."

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini kurudi sirudi."

Akamgeukia mdogo wangu, akamuuliza kama amekunywa chai, maana vidonge vile havitaki tumbo tupu. Mdogo wangu akasema amekunywa. Akamshika mkono, binti yake akamshika mkono wa pili, wakapita katikati ya watu wote wale bila kujificha, wakaenda Majengo kuchukua dawa. Nilipiga hatua mbili tatu kuwafuata. Hakuna aliyegeuka kunambia njoo.